Hapana Nne za Geita

Kijiji cha Samuye,
Shinyanga.
14 Agosti, 2025

Mpendwa Kaka Sostenes,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na lile vumbi la mawe? Sisi hapa tu wazima. Mama anapeta mtama, na goti lake limetulia kidogo.

Barua hii nampa Ngusa, dereva wa lori la mpunga, akuletee Runzewe. Simu huwa hupokei, na sababu naijua.

Binti wa shangazi, Aneth, ametuma ujumbe kwenye simu ya Mama kwamba umeitwa tena kwenye usaili, Jumatano ijayo. Nilifurahi, halafu nikashindwa kula.

Kaka, kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka jana nilipokusindikiza kwenye ule usaili wa Geita, benchi nililokalia lilikuwa chini ya dirisha. Nilisikia yote. Walikuuliza kama umewahi kufunga pampu ya maji. Ukasema hapana. Kuchomelea je? Hapana. Kutengeneza mashine ya kusaga mawe? Hapana. Kusimamia mafundi wenzako? Hapana. Hukukwama hata mara moja. Na kazi zote hizo unazifanya kila siku. Nilielewa palepale: ukisema ndiyo, watataka maelezo.

Tangu siku ile hapana zako zinanifuata. Hata darasani nikinyoosha mkono nazisikia nyuma ya shingo. Ni mimi niliyekuzoesha kunyamaza. Dukani, zahanati, stendi, nilikusemea kabla hujafungua mdomo, nikidhani nakupenda.

Juzi nilimweleza Mama. Aliweka ungo chini. Kisha akasema marehemu Babu Mabula, ambaye hatukumkuta, alikuwa na kigugumizi kama chako. Wakubwa walikubaliana wasikitaje, wakiogopa kwamba kukitaja ni kukiita kije kwa wajukuu. Wakanyamaza, nacho kikaja hivyo hivyo.

Mama anasema mnadani Babu alikuwa akimwambia mnunuzi kabla ya lolote: “Nina kigugumizi. Nitachelewa, lakini ng'ombe nitakueleza alivyo.” Wenzake walimtania kwamba ng'ombe atazeeka kabla bei haijatajwa. Lakini walimsubiri.

Kaka, Jumatano nawe waambie kabla ya swali la kwanza, hata kama neno lenyewe litakuchukua dakika nzima. Safari hii sitakuja kukusindikiza. Kuandika hivyo kumeniuma.

Sijui watafanya nini. Ila wakikataa, wamkatae fundi Sostenes, si yule mtu asiyejua kitu niliyemsikia dirishani.

Nisalimie Aneth, na Mzee Herman mwenye nyumba. Mama anakuombea Mungu aingie nawe chumbani humo, na asitoke kabla hujamaliza kusema.

Mdogo wako akupendaye,
Martina