Majani ya Nanyokie

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekanda unga, nimewasha jiko, maziwa hakuna. Mama Nashipai, Mmasai anayeniletea maziwa, kafika jua limeshapanda. Kibuyu hakijajaa hata nusu. Akasema nimsamehe, ng'ombe hawana kitu, wanatembea mchana kutwa na kurudi na vumbi. Nimetia sukari kidogo kibuyuni ndipo nikamrudishia. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, naye ameshazoea, huwa anakitikisa kwanza asikie nimetia nini.

Chai ya stendi ilikuwa nyepesi. Wateja wakanitania, "Mama Upendo, leo umetupikia maji ya mvua?" Mvua yenyewe iko wapi.

Upendo hajala. Tangu arudi kutoka Dar anafanyia kazi kwenye meza yangu ya kukandia, na kompyuta yake. Kampuni yao ina gemu la kwenye simu, la kufuga ng'ombe. Ndani ya gemu kuna duka. Unamnunulia ng'ombe wako majani, maji, dawa, kwa pesa ya kweli ya simu. Watu wanacheza ila dukani hawanunui. Yeye kapewa alipange upya. Likiendelea kulala, mkataba wake unaishia hapo.

Ndiye anayetulisha. Maandazi peke yake hayatufikishi.

Baba yake walimpunguza kazi reli ilipopewa wawekezaji. Alirudi mchana, akakaa kwenye kiti kile cha kamba, akanyamaza mpaka anakufa. Sitaki kumwona mtoto wangu ananyamaza vile.

Jumatano, 8 Oktoba

Kanionyesha hilo duka. Nilicheka. Vitu vimejazana kama stoo ya Mpemba anayehama. Kengele, ndoo, uzio, majani, sindano, vyote vidogo vidogo, na ng'ombe mwenyewe hayupo. Nikamwambia mwanangu, mimi sijui kompyuta lakini hapa hata ningekuwa na pesa ningepita tu.

Akauliza, "Mama, mtu akitaka kupita meza yako bila kununua, unafanyaje?"

Nikasema namwita kwa jina lake. Simwiti mteja, simwiti kaka. Namwita Juma. Juma hawezi kupita.

Akaniangalia sana. Halafu akaandika. Amekula ugali wote. Nikalala vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Umeme Kilosa hakuna tangu juzi. Tumepanda gari kwenda Mikumi, bosi wake alikuwa anapita njia kwenda Iringa. Tulimkuta kwenye hoteli ya barabarani, malori yamepanga foleni nje. Kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Kanipa shikamoo vizuri, kaniagizia soda. Sina ubaya naye.

Upendo kamwonyesha duka jipya. Amelisafisha. Ng'ombe yuko katikati, chini yake majani peke yake, sehemu kubwa ya kijani ya kubonyeza. Bosi kaangalia, kabinua midomo. Akasema ng'ombe huyu kanenepa na anacheka, nani amnunulie majani? Akasema, "Nataka mtu akiingia humu aumie kidogo." Anataka huyo mtu aone ng'ombe mwenye njaa ya kweli.

Njiani kurudi Upendo kaniuliza, ng'ombe wa Mama Nashipai wana hali gani?

Nikamwambia mbaya.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempeleka bomani. Mimi ndiye niliyempeleka, naandika nisije nikajidanganya baadaye.

Upande wa kwenda Tindiga nchi yote imekuwa kama majivu. Nanyokie kalala ubavu mmoja. Ndiye ng'ombe wa maziwa yangu, mwekundu, jina lake kwa lugha yao maana yake ni huo wekundu. Mifupa ya nyonga imetoka. Alama ya ukoo wao, waliyomchoma ubavuni kwa chuma, imekunjamana na ngozi. Mama Nashipai alikuwa anamshika kichwa kisiguse chini. Anasema kichwa kikigusa chini hasimami tena.

Upendo alipotoa simu apige picha, nikaona mwenzangu anafurahi. Akamwita binti yake alete maji amwoshe ng'ombe uso. Akamwambia Upendo, "Piga na mbavu, mwanangu. Piga waone." Maana mwaka ule wa ukame mwingine walikuja watu na kamera, na nyuma yao likaja gari la pumba na daktari wa mifugo. Kwake yeye picha kazi yake ndiyo hiyo.

Nilijua hizi ni za gemu tu. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilifikiria mkataba.

Tulipoondoka alitutolea tuonje maziwa ya mgando, kibuyu cha mwisho. Nimekuja nacho nyumbani nitie sukari nikirudishe kesho.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuja. Kibuyu kiko msumarini na sukari yake ndani.

Chai ya rangi. Wateja hawakutania.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nanyokie amekufa. Nashipai ndiye aliyepita stendi kunieleza, kashika ngozi iliyokunjwa anatafuta mnunuzi. Nikamfungia maandazi. Nikamwambia mpe mama pole, nitakuja. Sikwenda.

Nyumbani Upendo anamchora huyo huyo. Anachora vizuri mtoto wangu, sijui katoa wapi. Nilisimama nyuma yake nikaona macho yale yale, na kichwa kinainama polepole kuelekea chini. Chini yake maneno: Nanyokie ana njaa. Na majani ya kijani, makubwa, ya kubonyeza. Ukinunua anasimama, anatikisa mkia. Usiponunua kichwa kinazidi kuinama.

Nikauliza, na jina? Akasema, "Si wewe uliyenifundisha, mama?"

Nikarudi jikoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kanipa simu nijaribu. Niliingia dukani, sikutaka kununua, nikatafuta pa kutokea nikakosa. Kumbe pako pembeni juu, padogo, rangi ya vumbi. Nikamwambia watoto hawatapaona. Akaendelea kuchora.

Hata alama ya ubavuni ipo. Nikasema hiyo ni ya ukoo, haichezewi, hata ngozi wanaiangalia kabla ya kununua wajue ni ya nani. Akasema hakuna atakayeijua Dar. Akasema akiifuta ng'ombe anaonekana wa uongo.

Nilitaka kusema zaidi. Nilikuwa nimechoka. Hapana, si kuchoka. Niliogopa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Duka jipya limetoka. Upendo kapiga kelele mchana nikadhani nyoka. Watu wananunua, wananunua, kila saa bosi anamtumia ujumbe. Wamemwongezea mkataba. Tumekumbatiana uani. Nimenunua samaki, nimemwalika jirani, nimeimba. Furaha yangu ilikuwa ya kweli, siikatai.

Nilipokuwa naosha vyombo nikakiona kibuyu.

Jumatano, 29 Oktoba

Alikuja stendi watu wamejaa. Mama Nashipai hapigi kelele, hata leo hakupiga. Nashipai alikuwa nyuma yake ameshika simu, analia. Nikasalimia, hakuitikia. Mwanamke ambaye hata mtoto akimpita bila salamu humwita arudi amsalimie.

Akasema, "Mama Upendo, nasikia mnauza majani."

Nikapunguza moto wa jiko.

"Niuzie na mimi. Nina wengine wawili wamelala."

Mteja mmoja akacheka, alidhani utani. Mama Nashipai akamgeukia akamwambia usicheke baba, huyu mwenzangu ana majani, ukimnunulia ng'ombe wangu anasimama. Akachukua simu ya binti yake akaiweka kwenye meza, juu ya unga. Nanyokie alikuwa pale anainamisha kichwa.

Akaniuliza, "Wangu mbona hakusimama?"

Nikasema dada, nisamehe. Akasema alimwosha uso ili apendeze kwenye picha. Alisema hivyo mara mbili. Kisha akasema ng'ombe akifa anaachwa apumzike, wa kwake anakufa kwenye mikono ya watu asiowajua, kila siku, na alama ya mume wake ubavuni kama vile yeye ndiye aliyemwuza.

Akachukua simu, akaifuta unga kwa shuka yake, akaondoka. Hakuulizia kibuyu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwambia Upendo aondoe jina la Nanyokie na ile alama. Kwanza alikasirika. Akasema, "Mama, hiyo kazi ndiyo unga, ndiyo mafuta, ndiyo dawa yako ya presha." Nikasema najua. Akasema akiondoa jina duka linarudi kulala na yeye anarudi kukaa. Nikasema najua mwanangu, ondoa.

Akalia. Akasema alidhani anamsaidia Mama Nashipai, alidhani watu wakimwona watamwonea huruma. Nikasema wamemwona. Huruma yao imekwenda kwa bosi wako.

Sijawahi kumwambia neno kali hivyo. Nililijutia kabla halijaisha mdomoni. Hana kosa kuliko mimi. Mimi ndiye niliyesikia, piga waone.

Jumapili, 2 Novemba

Kamwandikia bosi. Jibu limekuja wakati tunatoka kanisani. Alama wataifuta, hilo halina shida. Jina linabaki. Jina ndilo linalofanya kazi.

Upendo ameifuta alama kwa mkono wake. Kanionyesha. Ubavu mtupu, safi. Nimeona vibaya zaidi, kama ng'ombe aliyeibwa.

Jumatano, 5 Novemba

Leo sikupika. Zamani tukiwa tunachambua mchele uani, Mama Nashipai aliniambia kwao mtu akikosa huenda kwa mwenzake na majani mabichi mkononi. Akiyashika majani hapigwi, anasikilizwa. Nilicheka siku ile, nikamwambia kwetu tunakwenda na kuku.

Nilikwenda Mkondoa kuyatafuta. Mto umebaki michirizi. Chini ya daraja la reli, kwenye unyevu, nikapata kishungi cha majani. Nikakifunga kwenye kanga iliyolowa, nikachukua kibuyu, nikatembea.

Miiba ya mlango wa boma imesogezwa pembeni. Ndani hakuna mtu. Jivu limepoa. Mahali alipolala Nanyokie pamebaki alama yake kwenye samadi.

Mkulima anayefyeka karibu na pale akaniambia wamehama na wale ng'ombe waliobaki, hajui upande gani, labda Malolo, labda mbali zaidi. Akasema, "Afadhali mama, sasa tutavuna kwa amani." Sikumlaumu. Nilimwona ana watoto na yeye.

Majani nimeyachomeka kwenye miiba ya mlango. Yalikuwa yameshaanza kulegea. Kibuyu nimerudi nacho.

Alhamisi, 13 Novemba

Mtoto wa jirani anacheza gemu lile ukutani kwangu. Linalia, Nanyokie ana njaa. Nikamwomba apunguze sauti. Akaniambia, "Bibi, huyu hafi, ukimlisha tu basi."

Upendo anakula kidogo. Analipwa. Kwenye kompyuta sasa wamempa duka jingine. Ameshaniuliza mara moja jambo la biashara yangu, nikajifanya sijasikia.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua imenyesha. Imenyesha jana kutwa na leo. Majani yameota kila mahali, hata katikati ya reli, hata kwenye ufa wa ngazi yangu. Mbuzi wa watu wanashiba mpaka wanalala barabarani.

Upendo kafungua mlango, kakaa kizingitini anaangalia nje. Hakuwasha kompyuta. Nimekaa naye.

Baadaye nikashusha kibuyu. Sukari imeingiwa na sisimizi, imeganda. Nimeimwaga, nimekisuuza, nimekiweka juani kikauke. Nimetia nyingine, nimekitundika.