Usizibe Matundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo shemeji amempiga dada mbele ya mteja. Kofi la mgongo wa mkono. Kosa lake? Alimwambia asizibe matundu.

Nieleze tangu mwanzo, kama tunavyofundishwa. Mimi naishi na dada na mumewe tangu mama afariki. Chumba cha mbele ni duka la vepu, zile sigara za umeme; vya nyuma ndimo tunamokaa. Za kutupa zinatoka haraka, lakini wavutaji wenyewe hutaka za kusuka – zile unazozifungua, ukaweka waya uliosokotwa na pamba, ukadondoshea maji ya ladha. Duka ni la shemeji. Vidole ni vya dada! Anasokota waya huku anaongea, na hakosei.

Kila anayenunua, dada humfundisha kushika. Humpanga vidole kimoja kimoja. Wima, mdomo juu – ukiilaza, maji yanavuja ubavuni. Na kitako kiache wazi, kina matundu madogo. Betri ikizidiwa na joto, hewa yake itokee pale. Ukiyaziba kwa kiganja, haina pa kutokea. Inapasuka.

Shemeji huiziba kabisa. Kiganja kitakoni, gumba juu, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Dada akamwambia taratibu, "Bwana, matundu hayo."

"Unanifundisha kushika?" Pa!

Mteja alikuwa dereva wa lori. Akaitazama dari mpaka alipopewa chenji.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kutazama mikono ya watu. Fundi wa magari huishika kwa ngumi kama spana. Dereva wa lori huificha kiganjani kama bado yuko shule. Kinyozi wa jirani huilaza karibu na sikio, maji yote kwenye shati!

Dada akamwambia, "Kaka, hiyo si mashine ya kunyolea."

"Nisamehe, shem. Mkono huu umezoea vichwa."

Tukacheka sote, hata shemeji alicheka. Nikafurahi. Nikadhani leo ni siku nzuri.

Walipoondoka wateja shemeji alifunga mlango wa duka. Akamuuliza dada kwa nini alionyesha meno yote kwa kinyozi. Hakungoja jibu. Alimshika nywele akampigiza kichwa kwenye pembe ya kabati la vioo. Kioo kikapasuka. Damu ilimwingia dada jichoni, na mimi nikawa nabana kitambaa, nabana, na hakitoshi.

Kisha shemeji mwenyewe akaleta barafu. Alipiga magoti. Alilia! Nadhani alijuta kweli. Mtu asiyejuta halii hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Dada ameniambia nikiulizwa jeraha lake niseme aliteleza bafuni. Nimesema. Mwalimu wa darasa akaniangalia muda mrefu, akauliza bafu letu lina nini.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimethubutu! Shemeji alikuwa ameketi peke yake, ametulia. Nikamwambia, "Shemeji, nikuonyeshe kitu?" Akanipa mkono wake. Nikampanga vidole kama dada anavyofanya: vitatu ubavuni, kidole kidogo kikae pembeni, kitako wazi. Akacheka. "Haya, mwalimu." Akavuta hivyo hivyo, vizuri kabisa, mpaka simu ilipolia. Alipoipokea kiganja kilirudi chini chenyewe.

Lakini alijaribu. Mtu mzima naye anaweza kufundishwa, ukimwendea kwa upole.

Jioni – alimwambia dada kwamba mdogo wake ana adabu na yeye ana mdomo. Tena akavua mkanda. Nilisikia buckle – kile chuma cha mkanda – kikigonga fremu ya kitanda kila alipomkosa. Nilitamani kikigonge kitanda tu. Hakikugonga kitanda tu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi wa magari alileta betri iliyochanika ganda. Dada alimfokea kama mtoto. "Unataka kubaki na kigutu cha mkono? Hii ni ya kutupa!" Fundi akasema, "Sawa, mama mkwe," tukacheka. Dada akaizika kwenye kopo la mchanga, pamoja na betri mbovu nyingine.

Baadaye nilikuwa nakula jikoni. Mlango wa duka ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona dada anaingiza mkono koponi. Akaitoa ileile. Akaifuta mchanga kwa upindo wa gauni, akafungua vepu ya shemeji, akaitia, akakaza.

Alipogeuka akaniona. Jicho lake moja bado limevimba, halifunguki. Lile jingine lilikuwa kavu.

"Kasome," akasema.

Labda amechanganya. Dada hachanganyi betri.

Alhamisi, 13 Machi

Nilitaka kuibadilisha mwenyewe, lakini betri mpya zimefungiwa kabatini, na ufunguo haumtoki shemeji mfukoni. Kwa hiyo nilimfuata dada jikoni.

"Dada, ile betri."

"Betri gani?"

"Dada!"

Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba amewaambia wateja wote, wote, wasizibe matundu, na mumewe pia amemwambia, na jibu nililiona kwa macho yangu. Kisha akafunua kola. Shingoni kuna alama za vidole, nne upande huu na moja upande ule. Alikabwa jana mpaka akaona giza.

"Unataka nife mimi?"

Nikasema sitaki.

"Basi kasome, mdogo wangu."

Jioni shemeji aliketi mezani na vepu yake. Moshi mzito. Kiganja kitakoni. "Leo ina moto!" alisema kwa furaha. "Hii ndiyo vepu!" Nikahamisha kiti changu mpaka mwisho wa meza. Dada hakuhama. Alimpakulia chakula akakaa ubavuni pake.

Nikimwambia shemeji, atauliza nani aliitia. Atamuua. Nikinyamaza, vepu itapasuka imng'oe vidole au taya, na watakuja kumchukua dada. Njia ya tatu lazima iwepo. Nitaifikiria.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeiiba ile vepu. Shemeji alikuwa anaoga, ilikuwa juu ya kabati. Nilifikiri ataona imepotea, atachukua nyingine dukani, basi, imekwisha! Nikaja nayo chumbani nikafunga komeo. Nilitaka niitoe ile betri lakini kifuniko kimekazwa, vidole vyangu vimechubuka na hakizunguki.

Hakuniuliza mimi. Amemuuliza dada.

Dada anasema hajui, na kweli hajui. Nasikia kila kitu. Kiti. Ukuta. "Iko wapi?" Ukuta tena. Sasa ni vioo vya kabati, vyote. Dada alipiga kelele mwanzoni, sasa hapigi.

Nimemwita kinyozi dirishani kwa sauti yangu yote. Alipunguza redio. Halafu akaiongeza.

Ningeweza kuipitisha kwenye nondo za dirisha, ianguke nyuma. Lakini atampiga mpaka ipatikane, na haitapatikana.

Naandika ili mkono wa kulia uwe na kazi. Kwa wa kushoto nimeishika vepu, wima, kitako wazi.

Nasikia nyayo.

Amekuja mlangoni. Anagonga polepole, kwa adabu. "Shemeji mdogo, hujaiona vepu yangu?" Anahema.

Sijajibu. Najua kutojibu ni jibu. Ameshajua.

"Fungua, mama. Sina ugomvi na wewe."

Na nyuma yake, kutoka chini sakafuni, dada: "Mpe."

Mdomo wake umejaa kitu, maneno hayatoki sawasawa. Anarudia. "Mdogo wangu, mpe tu." Si sauti ya kuomba. Ni ile sauti yake ya dukani, anapompanga mteja vidole.

Shemeji anacheka kidogo. Anasema hata dada yangu leo amepata akili.

Kitasa kinazunguka. Komeo bado linashika –