Lokole ya ng'ambo ya muto

Mujukuu wangu Fidèle, pokea salamu za koko wako huku Kisangani. Mama yako iko muzima, na mbuzi yetu imezaa mapacha.

Unauliza mbona nakataa telefone mpya, wakati wewe unatupa yako ikingali nzima, sababu tu marafiki wamebadilisha. Bon, sikia. Nikiwa binti kule Yanonge, nilikuwa ng'ambo ya muto wakati lokole, ngoma yetu ya muti ya kutuma habari mbali, iliita jina langu lote na la papa: rudi, mama amezaa. Maji yote yale, na muti ulinijua.

Niliporudi, nikauliza mupigaji nani aliichonga.

"Sijui," akasema. "Babu yangu pia aliikuta."

Mutoto wangu, kwetu lokole haikubadilishwa. Sisi ndio tulikuwa tunabadilishwa.

Koko wako, Albertine