Mama, Kalunde Hajaruka Mtu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyesema salamu ni kazi ya anayefika, akiitikiwa asiitikiwe. Basi nimefika. Na mwangaluka pia, maana ukisalimiwa kwa Kiswahili peke yake ulikuwa unanuna. Natumaini huko uliko ni mhola, hakuna baya.

Nina habari, Mama. Nimeishikilia tangu juzi. Lakini ulinifundisha kwamba habari haitangulii salamu, kwa hiyo leo utangoja wewe, kama ulivyokuwa unaningojesha mimi pale mlangoni Goweko na mzigo kichwani.

Naanza na wa nyumbani. Kaka Masanja ndiye anayekaa kwenye nyumba yako. Ameezeka upya upande wa jiko. Kuku wako wapole tumeshawala, wamebaki wakorofi. Kaburi lako limesakafiwa, na msalaba umenyooka, kwa sababu nilimsimamia fundi mpaka akaniuliza kama mimi ni mke wa mkandarasi. Mimi bado nipo Gongoni, hapa Tabora mjini, na genge langu la nyanya. Magoti yanalalamika, mdomo hauna shida. Nikikwama jambo bado naichukua simu nikupigie. Naitafuta kabisa namba yako, halafu nakumbuka.

Basi. Tuendelee.

Barua hii naandika kwa mkono. Kalunde aliniomba anichapie nikakataa, maana humu namsifia sana na sitaki asome akavimba kichwa. Habari yenyewe ni yake. Somo yako, Mama, yule uliyempa jina lako.

Unakumbuka alivyozaliwa. Alichelewa kulia, na tangu siku ile mikono yake ikawa na akili zake. Akili ya kichwani nzima, tena kali, lakini akitaka kushika kikombe mkono unakwenda kwanza kuusalimia ukuta. Mimi nilikuwa namkinga. Kwenye shughuli namkalisha nyuma yangu. Wewe hukutaka kusikia.

Siku ya harusi ya Masanja, wageni wamekaa kwenye mabenchi kuuzunguka uwanja mzima, nikamnong'oneza Kalunde asimame katikati aseme "shikamooni wote" kisha akakae. Wewe ulikuwa unapita na sufuria, ukasikia. "Salamu ya jumla ni ya wanasiasa," ukasema. "Mjukuu wangu hagombei kitu." Ukaitua sufuria, ukamshika bega, ukampeleka kwa mtu wa kwanza, goti chini, mkono kwa mkono, kama tulivyolelewa sote. Akimaliza mmoja unasema, "Anayefuata." Akimaliza mwingine, "Anayefuata." Alipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji mkono ukaruka ukamvua kofia, ikaangukia kwenye karai la maji ya kunawa. Nilitamani nijifukie kwenye ghala. Wewe ukamtazama mwenyekiti kichwani, ukasema, "Kumbe una kipara kizuri hivi, na unatuficha." Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kalunde alichanganyikiwa pale, akasahau amefika kwa nani. Ukamwambia, "Ukipotea, rudi kwa wa mwisho uliyemshika mkono. Haya. Anayefuata." Akazunguka mpaka kwa yule bibi aliyesinzia kwenye kona. Hakumruka mtu.

Nakukumbusha haya kwa sababu, Mama, yamekuja kutufaa mahali ambapo wewe na mimi tusingewaza.

Ulipoondoka alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Nikampeleka kwenye chuo kidogo cha kompyuta hapa mjini. Kuandika akaweza, pole pole, kwa kifundo cha kidole. Balaa likawa mausi. Ni kidude unakisukuma mezani, na kwenye kioo kuna kamshale kanakufuata. Wenzake kamshale kao kalikuwa kanawatii. Ka Kalunde kalikuwa kama kifaranga kilichoona mwewe. Akilenga kufungua anafunga, akilenga kuhifadhi anafuta. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, vitu vyote navijua vilipo, ila mkono haufiki."

Mama Rama wa genge la jirani akanishauri, "Mwenzangu, kompyuta ni ya wenye mikono iliyotulia. Mrudishe hapa, nyanya hazikimbii." Nikamjibu, "Akizishika yeye zitakimbia." Tukacheka. Halafu nikaenda nyuma ya banda nikafuta macho kwa kanga, maana ningekuwa na wewe ningekuuliza, na wewe hukuwepo.

Mwalimu wake Hamisi ndiye aliyemwonyesha njia nyingine. Kijana mpole, Mungu ampe mke mwema. Alimwondolea mausi mezani akamwambia, "Tovuti yoyote unaweza kuitembea kwa kibodi." Kibodi ni ile mbao ya herufi. Upande wa kushoto kuna kitufe kimeandikwa Tab, kama vile walitaka kuandika Tabora wakaishiwa wino. Ukikibonyeza, kwenye ukurasa kunatokea kamstari kanakizunguka kitu kimoja. Hicho ndicho ulichosimama mbele yake. Ukibonyeza tena, kamstari kanahamia kwa jirani yake. Ukifika kwa unayemtaka unabonyeza Enter, kazi imefanyika. Hakuna kulenga, na kitufe hakikimbii. Hata kidole kikichelewa njiani, kitufe kinakungoja palepale.

Jioni ile aliingia ndani bila hodi. "Mama, nimeielewa. Ni kusalimia kwa Bibi."

Nikamwambia akae aeleze vizuri, na alivyoeleza nikaona uwanja wa harusi ya Masanja. Tab ni "anayefuata." Enter ni kushikana mkono. Ukimpita mtu kwa bahati mbaya, unabonyeza Shift na Tab pamoja, unarudi nyuma kumfuata. Kuna tovuti za watu waungwana, ukifika tu mlangoni zinakuuliza kama unataka kuruka moja kwa moja kwenye habari yenyewe, kama msibani ukichelewa mzee anakwambia, "Pita tu mwanangu, tumekuona." Kuna nyingine kamstari hakaonekani, unasalimia gizani. Na kuna nyingine ukiingia kisanduku kimoja hakikuachii utoke. Kalunde anaziita shangazi Nyanjige. Hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana unamjua Nyanjige, akikushika mkono hakuachii mpaka umalize kusikia mgongo wake, miguu yake na mashetani ya mkwewe.

Tangu siku hiyo, Mama, nikawa sikamatiki. Kila anayenunua nyanya nilimwongezea na hadithi. Mama Rama akaniambia, "Wateja wako sasa wanakuja kwangu, wanasema kwako wanacheleweshwa na kompyuta." Waende. Mimi nina mtoto.

Ndipo kikatokea chama cha wafuga nyuki kinatafuta mtu wa kupokea oda za asali kwenye tovuti yao. Ofisi yao ipo hapahapa Gongoni. Kalunde akaomba, akaitwa. Nikafunga genge nikamsindikiza, kanga mpya, ile uliyonipa na sikuwahi kuivaa. Wakaniweka kwenye benchi la nje, mlango uko wazi, naona yote. Alikuwepo kijana mwingine mmoja tu, Fredi, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Kazi ni moja, waombaji wawili.

Mkuu wao ni mama mmoja wa hapa mjini, Bi Zainabu, mtu wa maneno machache. Mtihani ulikuwa kuandika kwenye tovuti oda ya mteja aliyekuwa amepiga simu, ya kupelekewa asali Urambo, kila kitu alichosema, kisha kuituma. Fredi akaanza. Mausi yake ilikuwa inateleza kama mtu wa mjini barabarani, huku, kule, tayari. Akabonyeza pa kutuma, ukurasa ukamrudishia maandishi mekundu. Alikuwa ameruka kisanduku. Akakitafuta, akajaza, akabonyeza, mekundu tena. Ameruka kingine. Mwishowe akatuma, akatoka anatabasamu, na mimi nikamwambia hongera, maana kijana ni mwema na hakunikosea.

Kalunde akakaa. Akaisogeza mausi pembeni, taratibu, kama unavyosogeza kiti cha mgeni. Bi Zainabu akasema, "Mwanangu, mausi ndiyo hiyo." Kalunde akajibu, "Ahsante mama. Naomba inisamehe, mimi nitapita kwa miguu."

Mama, ungekuwepo. Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, mguu mmoja nyuma ya mwingine, na huyu hapa kitukuu wa binti yake anakwenda Urambo kwa kidole kimoja.

Akaenda. Jina la mteja, anayefuata. Simu, anayefuata. Mara katikati ya ukurasa likaibuka tangazo, sijui la asali ya aina gani, limefunika kila kitu. Kamstari kakapotea. Akabonyeza Tab, hakakuonekana. Akabonyeza tena, na tena. Nikaona mabega yanapanda. Unayajua mabega yale, yakipanda mikono inafuata. Mkono wa kulia ukaruka ukagonga meza, glasi ya maji ya Bi Zainabu ikayumba. Nikashika ukingo wa benchi. Fredi naye akaacha kutabasamu.

Hapo nikasikia mtu anasema kwa sauti ndogo, "Rudi kwa wa mwisho uliyemshika mkono."

Nikageuka, Mama. Nakuapia niligeuka nyuma kukutafuta. Ilikuwa Kalunde anajisemea.

Lakini kurudi kunataka vitufe viwili kwa pamoja, Shift na Tab, na mikono yake miwili haijawahi kukubaliana jambo. Chuoni Mwalimu Hamisi alikuwa amemtegeshea mashine yake, hii ilikuwa ya watu. Akaanza kuigonga Shift peke yake, ko ko ko, kama anabisha hodi. Kompyuta ikalia, ikauliza kitu. Akabonyeza Enter. Baadaye alinieleza: ukibisha hodi hivyo, Shift inakubali kukungoja. Unaibonyeza, unaiacha, inabaki imekushikia mlango mpaka ufike kwenye Tab kwa muda wako.

Shift. Tab. Shift. Tab. Mgongo umeinama, ulimi nje kama alivyokuwa akipepeta mchele nawe. Na kamstari kakatokea, kwenye pembe ya lile tangazo, juu ya neno Funga. Akabonyeza Enter. Tangazo likaondoka, na mteja wetu wa Urambo yupo palepale alipomwacha, jina lake na simu yake.

"Anayefuata," akasema, safari hii kwa sauti.

Akapita kwa wote mpaka wa mwisho. Akatuma. Hakukuja jekundu hata moja. Ukurasa ukaandika tu: Oda yako imepokelewa.

Bi Zainabu alikaa kidogo anatazama kioo. Kisha akamwambia, "Umechelewa kuliko mwenzako."

"Ndiyo, mama," Kalunde akasema.

"Lakini hujaruka kitu. Mwezi uliopita tulipeleka asali kwa mtu ambaye hatukuandika anakaa wapi. Ilizunguka Urambo yote, ikarudi hapa. Mimi nataka mtu asiyeruka. Uje Jumatatu. Na hilo tangazo nitawaambia waliotutengenezea tovuti waliondoe, hata mimi linaniudhi."

Sikupiga kigelegele, Mama. Nilikikalia. Uliniambia mwanamke mzima hapigi kigelegele kwenye ofisi za watu. Nilikipiga nilipofika barabarani, na bodaboda wawili wakasimama wakidhani naita.

Lakini ngoja nikumalizie la ndani. Kalunde hakutoka vivi hivi. Alisimama akaanza kwa Bi Zainabu, goti chini, mkono mbele. Kisha karani, mama wa chai, Fredi, na mlinzi aliyekuwa amesimama mlangoni anachungulia. Kwa mlinzi mkono ukaruka, unaelekea kwenye kofia. Nikaona yanajirudia. Mlinzi akaudaka hewani kwa mikono yake miwili, akaushika, akasema, "Karibu kazini, dada." Na mimi, bila kujua, nimesimama kwenye benchi lile, mdomo wangu ukasema, "Anayefuata."

Ilikuwa sauti yako. Imehamia kwangu, na sikuwa na habari.

Nikatoka nikachukua simu nikupigie. Nikaitafuta namba yako. Safari hii sikuiweka chini haraka, nilisimama nayo kidogo juani, nikakusimulia yote hivyohivyo, kimoyomoyo. Ndiyo haya niliyoyaandika.

Jumatatu ameshakwenda na amerudi. Kesho anakwenda tena. Mama Rama ameanza kuniuliza kama chuo kile kinachukua watu wazima, nami nimemwambia ajaribu, nitamsimamia genge, nyanya hazikimbii.

Nakuahidi hili. Mavuno yakiisha nitamleta Goweko. Tutaanza kwenye kaburi la Baba, tutafuata la dada yake, tutapita kwa watoto wale wadogo wasio na majina kwenye misalaba, halafu tutakuja kwako, goti chini, mkono kwenye saruji. Mkono wake ukiruka ukagonga msalaba, usishtuke, fundi nilimsimamia, hautaanguka. Sitamkalisha mtu nyuma yangu tena.

Na salamu za jumla nimeziacha. Kwa hiyo siwaagi nyote mlio huko. Nakuaga wewe, Mama, peke yako, mkono kwa mkono. Wengine nitawafikia, mmoja mmoja.

Binti yako,
Mama Kalunde