Mchoma Nyama Asiyekula Mbele Yangu

Sekei, Arusha.
21 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Daniel,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii ya kwetu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Esther na mwanangu Elirehema mkiwa wazima, na kwamba kile kikohozi cha Esther kimekwisha. Kama hakijaisha, mwambie aache maji ya friji, nilishasema. Huku Sekei Mlima Meru hatujauona wiki nzima, umejifunika mawingu kama mgonjwa wa homa. Mimi sijambo, isipokuwa goti na roho. Goti umelizoea. Roho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua unajiuliza kwa nini nisipige simu. Nipige vipi? Kuta za nyumba hii unazijua, ukikohoa jikoni mtu wa chumbani anakupa pole. Na hiyo WhatsApp aliyeniwekea ni Hanna, namba ya siri kaiweka Hanna, na mtu aliyekukabidhi ufunguo hakosi wa akiba. Kwa hiyo nimempa barua Mwalimu Rodrick, tuliyefundisha naye zamani, anayekuja Songea kumwona binti yake. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa nijulishe, maana Rodrick naye anapenda kujua mambo.

Habari yenyewe ni ya mtoto wako Hanna, na kuna mwanamume ndani yake. Nina neno na wewe pia, Daniel, lakini nitalifikia. Kaa kwanza.

Unakumbuka ulivyoniletea Hanna mama yake alipofariki, akiwa darasa la pili, na begi lake la maua. Tangu siku ile Jumamosi ni zetu, mimi na yeye. Asubuhi tunakwenda soko la Kilombero kuchagua ndizi na parachichi, halafu tunapanda kwenye mitumba ya Krokon, yeye anachambua magauni na mimi nashika mkoba kwa mikono miwili. Mchana mishkaki na ndizi choma pale Sanawari, pilipili kwa mbali. Hata alipokuwa chuoni Makumira hakukosa Jumamosi. Na sasa yuko mapokezi kwenye hoteli huko Usa River, akipangiwa zamu ya Jumamosi anabadilishana na mwenzake. Watu wana starehe zao, mimi hiyo ndiyo yangu.

Basi baada ya Pasaka nikaanza kuona mambo. Kwanza nywele. Mtoto aliyekuwa anasuka mabutu mawili akaanza kushinda saluni, anarudi na rasta hadi kiunoni. Zikafuata kucha, ndefu, rangi ya damu ya mzee. Nikamuuliza atamenyaje ndizi na makucha yale, akacheka. Halafu marashi. Halafu kucheka na simu. Mtu anayecheka na simu akiwa peke yake jikoni, Daniel, ana jambo. Nimesimamia mitihani miaka yangu yote ya kazi, na mwenye karatasi ya kuibia namjua kwa shingo tu.

Nikakaa kimya. Za mwizi ni arobaini.

Mwezi uliopita akaniambia, shangazi, Jumamosi hii tuache Sanawari, nikupeleke Sakina, kuna jiko jipya la nyama choma. Nikasema haya. Moyoni nikasema, leo ndiyo leo.

Nyama ile, sikufichi, ni tamu. Mbavu za mbuzi zimekaushwa vizuri, mafuta yanalia, kachumbari imekatwa nyembamba, ugali wa moto. Nililamba kidole nikasahau ualimu. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye moto. Mwenye jiko ni kijana mrefu, aproni nyeupe, anaitwa Lomayani, Mwarusha wa Olmotonyi. Tulipoingia alikuwa amesimama anakula ubavu wake kwa raha zake. Aliponiona, Daniel, aliweka ule ubavu chini, akaufunika na gazeti, akageuka akaingia stoo. Hakunipa hata shikamoo! Mimi, mwalimu wa nusu ya watu wa Sekei!

Nikamuuliza Hanna, yule mbona anakimbia? Akasema ana kazi nyingi. Kazi gani, na moto umeachwa peke yake? Dada wa kuhudumia ndiye aliyekuja kugeuza nyama. Kijana akawa anachungulia dirishani, nikimtazama anazama.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Anawachomea watu mji mzima, anacheka nao, anakula nao, lakini mimi nikikanyaga pale mlo wake unaisha na uso unageukia ukutani. Nikaanza kufikiri. Mpishi anayeacha kula mbele ya mtu mwenye macho makali anaficha nini? Nikasema hii nyama ni ya punda. Nikarudi nyumbani nikapiga mswaki mara mbili.

Halafu wazo baya zaidi likanijia. Nikaona jinsi Hanna anavyomtazama yule anayejificha. Ndipo nikajua rasta ni za nani na kucha ni za nani. Usiku sikulala. Nilisema mtoto wangu ananiponyoka, na anachukuliwa na mtu asiye na adabu, pengine ana mke kule kwao, pengine anatafutwa. Kwa sababu gani nyingine mwanamume afiche uso? Nikaogopa, mdogo wangu. Nakuambia bila aibu, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile ya upasuaji wangu.

Wiki iliyopita Hanna akaja na mpya: twende Momela Jumamosi, tukatembee, tukaone ziwa na ndege, nyama itakuwepo. Nikauliza nyama ya nani. Akasema ya Lomayani. Nikakubali haraka mpaka akashangaa. Lakini nilisema namchukua jirani yangu Sinyati, yule mama wa Kiarusha tunayeimba naye kwaya. Mtihani mkubwa hausimamiwi na mtu mmoja.

Tulikwenda mimi, Sinyati na Hanna kwa gari la kukodi, na yule kijana akatangulia na pikapu yake yenye hotipoti za nyama. Gari mbili kwa watu wanne! Nikamnong'oneza Sinyati, unaona, hata gari moja na mimi hataki. Sinyati akasema mh, akaendelea kula karanga.

Momela ni pazuri, siwezi kusema uongo. Ziwa limetulia, heroe wamesimama majini wekundu wekundu, na mawingu yalifunguka kidogo tukauona mlima. Hanna alivaa gauni la kitenge nililomshonea, akanipiga picha mpaka nikachoka kutabasamu. Tulitandika khanga kwenye sehemu ya kupumzikia, Hanna akapakua nyama na pilau. Na yule kijana? Akachukua sahani yake akaenda nyuma ya pikapu. Tulikuwa hatuoni kitu ila kisogo chake.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilichagua ubavu mnono kuliko wote, nikauweka juu ya sahani, nikainuka na goti langu. Nikamfuata. Nikamwambia, kijana, njoo ule huu mbele yangu nikuone. Akaruka kama ameona nyoka, akazunguka upande wa pili wa gari. Nami nikazunguka. Akazunguka. Nikageuza nikaja kwa mbele, naye akageuza akaenda nyuma. Daniel, mwanamume mzima na misuli yake, ananikimbia mimi na sahani ya nyama! Twiga wawili waliacha kula wakatutazama. Hanna anapiga kelele, shangazi mwache, shangazi jamani! Nikasema simwachi, leo atakula au aseme nyama hii ni ya mnyama gani.

Nikamsikia Sinyati anacheka, amelala chali kwenye khanga, machozi yanamtoka.

"Mwalimu!" akasema. "Mwalimu, acha! Unamkimbiza mkweo!"

Nikasimama. Mkwe gani? Akajifuta macho, akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Kwao Waarusha wanaoshika mila, mwanamume hali chakula mbele ya mama wa mchumba wake, hakai naye karibu, hamtazami usoni. Ndiyo heshima yenyewe, na anayeikosea anaonekana hakulelewa. Kijana huyu, akasema, kalelewa na bibi yake, na bibi wa Olmotonyi hawana mchezo. Nikamwambia mbona sisi Wameru wa leo mkwe tunakula naye, tunapiga naye na picha? Akasema hayo ni yenu.

Nikajitetea: lakini mimi ni shangazi tu. Sinyati akatikisa kichwa. "Shangazi hakimbiwi hivi," akasema. "Shangazi anainamishiwa kichwa, anasalimiwa, anapewa kiti. Huyu kakuweka mahali pa mama. Na hawezi kukuweka hapo kabla baba wa binti hajasema ndiyo."

Umesikia hapo, Daniel? Baba wa binti.

Nikamgeukia Hanna. Alikuwa analia, zile kucha nyekundu zimefunika uso. Akasema, "Baba alikubali tangu Pasaka. Akasema tusikuambie mpaka washenga waje, maana utamhoji kijana mpaka akimbie."

Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nakagua shingo za watu Sakina, kumbe mwenye karatasi ya kuibia yuko Songea, tena ndugu yangu wa tumbo moja! Kila Jumapili unanipigia, unaniuliza habari za goti, habari za parachichi, hutaji neno. Umenikosea, Daniel. Nilimfunga huyu mtoto viatu vya shule, nililala naye hospitali alipougua, halafu habari ya posa yake naipata kwa jirani, nikiwa nimeshika ubavu wa mbuzi mbele ya twiga. Nimekasirika na bado nimekasirika, usidhani salamu za mwanzo zimefuta kitu.

Hata hivyo ni kweli nilimhoji mpaka akakimbia. Hilo nakupa.

Lakini sikumaliza kumuuliza Hanna. Nikasema, huyu kijana aliambiwa na nani kwamba mimi ni wa kukimbiwa? Mama yako mzazi yuko kaburini Nkoaranga, na mke wa baba yako yupo. Kwa nini mimi? Hanna akashusha mikono. Akasema, "Aliniuliza kwetu amheshimu nani kama mama. Nikamwambia mama yangu ni wewe. Nimwambie nani mwingine?"

Daniel, nilikaa chini pale pale kwenye majani, na sahani mapajani. Sinyati akaacha kucheka.

Nyuma ya pikapu ikatoka sauti, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, naitikia tairi na mlango wa gari. Nikampa Hanna ule ubavu ampelekee. Nikawageuzia mgongo, nikatazama ziwa, ili mtoto wa watu ale ashibe.

Sasa sikiliza masharti yangu. Kwanza, bado namchunguza. Nimemtuma Sinyati aulize Olmotonyi kama ana mke, kwa sababu adabu hata tapeli anaweza kujifunza. Akirudi na jibu safi, washenga waje. Pili, siku hiyo kiti cha mama nakaa mimi. Wifi Esther nampenda na namheshimu, msomee sehemu hii polepole asije akanuna. Atakaa kulia kwangu na tutachagua sare pamoja, ila rangi nitachagua mimi. Tatu, ukinificha tena jambo la mtoto huyu, hata liwe la jino, nitakuja Songea mwenyewe na goti hili.

Jumamosi zangu ndizo zimekwisha. Sakina siwezi tena kwenda, nitamfanya mwenye jiko ashinde njaa. Hanna atakwenda, na mimi nitaletewa nyama hapa Sekei kwenye hotipoti, nile peke yangu na redio. Nimelia kidogo kwa hilo, nakuambia ukweli. Nimepata mkwe ambaye sitakula naye sahani moja mpaka nife. Jana kanisani nikamkuta nje ya geti, aliponiona akavuka barabara mbio, bodaboda nusura imgonge. Watu wakamshangaa. Mimi nikajikuta natembea kifua mbele.

Maana unajua, mimi sikuzaa. Wenzangu wote wameitwa kwa majina ya watoto wao, mimi mji mzima uliniita Mwalimu, na nikazoea.

Msalimie Esther, mbusu Elirehema, wape salamu wazee wa usharika wenu wanaonikumbuka. Mungu awalinde mpaka tuonane kwenye posa, na akulainishie ulimi uwe unasema mambo mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Elinipa,
Mama Hanna.