Maneno Kumi kwa Siku

Nyanga,
Bukoba.
11 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Elieza,

Salaam nyingi kutoka nyumbani, waitu. U hali gani huko kisiwani Goziba? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama mzee wa kanisa anayetaka kuanzisha wimbo? Mimi ni mzima, isipokuwa bega. Mama huko Kishanda naye hajambo. Anasema senene mwaka huu ni wachache, na ameninyima hata wa kuonja.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako haishiki mtandao, na hata ikishika utaanza kunifokea kabla sijafika mbali. Karatasi haifokewi. Barua hii nimemkabidhi Alexander, nahodha wenu, nikamwambia asikupe mpaka uwe umekula.

Huyohuyo Alexander ndiye aliyeniletea maneno yako. Kwamba unanoa panga, na ukipata boti utakuja kumkata Mwalimu Ildefons mkono uleule aliompigia Lilian. Nakujua, Elieza. Kyaruzi mpaka leo anatembea na kovu lako kichwani kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi. Sikuandikii ili nikupoze kwa maneno matamu. Nakuandikia kwa sababu habari uliyopata ni nusu.

Unajua mwanao Lilian alimaliza darasa la saba mwezi wa tisa. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, na Januari anaingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza. Nikampeleka tyusheni kama wazazi wengine wote wa hapa. Mwalimu Ildefons anafundishia katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, na utaratibu wake ni kuyapanga maneno kwa herufi zake. Siku moja yote yenye GH: fight, kupigana, fright, hofu, slaughter, kuchinja. Siku nyingine yenye WR: wrestle ni mieleka, wrath ni ghadhabu, wring ni kunyonga. Maneno kumi kwa siku pamoja na maana zake. Ukikosa neno, fimbo moja. Nilikuwa namsikia Lilian akiyakariri jikoni huku anamenya ndizi, nikaona fahari kama vile nimeyasoma mimi.

Jumatatu ya wiki iliyopita ikawa zamu ya KN. Akajua knife, kisu. Akajua knee, goti. Akajua knock, kubisha hodi. Neno la mwisho likampotea. Mwalimu akamwambia aweke mkono mezani, kiganja chini. "Knuckle ndiyo hii hapa," akasema, akampiga kwenye kifundo cha kidole cha kati. Lilian akalia, hakuweza kulirudia neno. Akampiga tena palepale. Mara ya tatu watoto wengine waliusikia mfupa.

Alirudi mkono ameufunga kwa sweta. Nilipoifungua, kidole kilikuwa cheusi na kimelala upande. Daktari amekinyoosha na kukifunga, lakini anasema hakitakunjika tena. Ni mkono wa kuandikia, mdogo wangu.

Na mimi hasira zangu ziko puani. Sikwenda kwa mtendaji wala kwa mchungaji. Nilichukua mchi wa kinu nikaingia nao darasani. Pigo la kwanza lilimpata begani, akaanguka juu ya madawati. La pili likamkuta mdomoni, meno mawili yakang'oka. Watoto wanalia, wanaruka madirishani. Nikanyanyua mara ya tatu, na nakwambia kweli mbele za Mungu, nilikuwa nalenga kichwa. Wanaume wa mashine wakanidaka, ndipo bega langu likateguka.

Mwalimu akiwa chini, damu inamchuruzika kidevuni, akasema watu wote wakisikia, "Waitu mama, fimbo si uliniletea wewe?"

Watu wakanigeukia, na ni kweli. Siku ya kumwandikisha Lilian nilikata fimbo tatu za mbuni kibanjani kwetu, kwenye mibuni aliyoipanda baba, zile zinazopinda bila kukatika. Nikazikwangua magome, nikampelekea pamoja na mkungu wa ndizi. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nataka Kiingereza. Usimwonee huruma." Sisi wenyewe ndivyo tulivyopelekwa shule, na baba alisifiwa kwa hilo. Niliona ndiyo malezi.

Basi ukija na hilo panga, anza na mkono wangu. Ildefons yuko mahabusu, na mimi niko nje kwa dhamana. Ukimkata utafungwa, na Lilian, ambaye mama yake tulimzika mwaka juzi, atabaki na mimi peke yangu. Sikiliza kwa nini hilo linanitisha.

Jana asubuhi nilimkuta barazani akimfundisha Nancy, yule mtoto wa jirani wa miaka sita. Alikuwa amechora herufi sakafuni kwa mkaa, na mkono wa kushoto ameshika kijiti. Nancy akakosa. Lilian akampiga kwenye vidole, akampiga tena, uso wake mkavu kabisa. Nilipiga kelele, nikamnyang'anya kile kijiti, na kabla sijajua ninafanya nini, nikawa nimekinyanyua juu yake.

Hakukimbia wala hakulia. Aliuweka ule mkono mzima, wa kushoto, juu ya kiti, kiganja chini, akasubiri.

Elieza, nilikaa pale sakafuni nikalia kuliko nilivyolia msibani kwa baba. Njoo, mdogo wangu, lakini njoo mikono mitupu. Njoo ukae na mwanao siku nyingi, kwa sababu mimi mkono wangu siuamini tena.

Nisalimie Rwekaza na wavuvi wote wa kambini kwenu. Mama anakusalimu sana. Lilian naye anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike mstari wake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaniuliza akikosea atapigwa ngapi.

Mungu akutunze majini, na aulainishe moyo wako kabla boti haijaondoka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Alistidia