Siku Mto Ulipopata Maji

Tucson, Julai

Dada Eulalia,

Sisi hatujambo, ila joto limeziunguza nyanya zangu zote. Nakuandikia, ingawa tunakaa mji mmoja, kwa sababu simu zangu siku hizi hupokei.

Mume wangu Fermín bado na baiskeli yake. Kila alfajiri anaondoka, eti anazunguka mji mzima kwa ile njia ya lami kando ya mto wetu usio na maji. Jumanne mvua ilinyesha milimani, huku mjini hata tone, na ule mto mkavu ukaja umefurika. Unajua tulivyo watu wa hapa: mji mzima ulikimbilia madarajani kutazama maji, hata padri. Njia ikafungwa kwa matope. Fermín akarudi na magurudumu safi.

"Umezunguka kote?"

"Kote, mpenzi. Vumbi tu."

"Na mto?"

"Mto una nini?"

Nikachukua chupa yake nioshe. Alitoka nayo ina maji matupu. Ikarudi inanukia juisi ya maua ya rozela yenye mdalasini.

Dada, katika ukoo wetu, rozela unaitia mdalasini wewe peke yako.

Jumapili njoo ule nasi. Uje na jagi lako. Nitamimina mimi, nikiwatazama wote wawili.

Mdogo wako,
Amparo